Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wenye Ploti, Mathare North, Nairobi

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama, na vijana mliorithi ploti za kupangisha za wazazi, hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Taka zilizolewa. Mtaro wa nyuma ya soko ulizibuliwa mara mbili, na taa za barabarani zimerudi baada ya mimi kuifuatilia kaunti kwa miezi. Walinzi wa usiku walilipwa. Tulifiwa na wanachama watatu na kila familia ilipata mchango wake. Mafunzo ya ushuru yalifanyika Februari; aliyekosa ajue kwamba ushuru wa mapato ya nyumba ulishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5 tangu Januari 2024, na kwamba KRA, yaani mamlaka ya ushuru, hawachelewi kudai.

Sasa nije kwenye jambo lililowaleta wengi wenu leo, nalo ni uamuzi wa kamati wa mwezi Mei wa kutowapandishia kodi waliofukuzwa na mafuriko.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili Mto Mathare ulifurika na watu wakabebwa pamoja na vitanda vyao. Siku chache baadaye serikali iliamuru kila anayeishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni aondoke, na tingatinga zikaanza kubomoa. Familia zikajaa makanisani na madarasani. Shule zilikuwa zimeahirishwa kufunguliwa, na zilipopangiwa tarehe 13 Mei, waliolala madarasani wakabaki hawana pa kwenda. Wote hao walikuwa wakitafuta nyumba wiki ileile, kwenye mitaa ileile, yaani kwetu, Huruma na Kariobangi. Keateka wetu, wanaotutunzia nyumba, walipigiwa simu mpaka usiku wa manane. Ndani ya wiki hiyo baadhi ya vyumba vya singo, yaani chumba kimoja kimoja, vya kodi ya shilingi 5,000 vilianza kutajwa 6,500, na kimoja nilisikia 7,000, choo ni kilekile cha nje.

Kamati ilikaa ikaamua mambo matatu. Chumba kilicho wazi kitolewe kwa bei ya mwezi Machi mpaka mwisho wa Agosti. Familia iliyotoka mtoni ikiwa na barua ya chifu isidaiwe dipoziti mlangoni, ilipe kidogokidogo kuanzia mwezi wa tatu tangu iingie. Na shilingi 180,000 kutoka akiba ya chama zikopeshwe bila riba kwa wanachama wenye mikopo ya benki ambao wangebanwa na kungoja huko.

Nimeambiwa nimegawa mali za watu. Nimeambiwa kwenye kundi la WhatsApp, saa nne usiku, kwamba natafuta kiti cha udiwani. Nitajibu hapa, maana hapa ndipo mahali pake.

Kwanza, kamati ilikuwa na mamlaka. Kifungu cha 14 cha katiba yetu kinaruhusu kamati kuamua wakati wa dharura na kutoa taarifa baadaye. Kama wiki ile haikuwa dharura, sijui dharura ni nini.

Pili, hesabu. Tarehe 6 Mei Rais alikuja Mathare akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa. Chukueni hizo 10,000, hata tukijifanya kwamba kila mtu alizipata siku ileile. Chumba cha 5,000 na dipoziti ya 5,000 kinazimaliza zote kabla ya kununua godoro, sufuria au sare ya mtoto iliyosombwa na maji. Kikipanda hadi 6,500, mlangoni zinatakiwa 13,000. Hapo familia haiingii kabisa, na nyongeza yako imegeuka kufuli.

Tatu, kuna waliosema tuliache soko lijiamulie, kwamba bei ikipanda ndipo nyumba nyingine hujengwa. Mimi nimejenga, na najua ghorofa moja hula muda gani. Bei ya mwezi Mei haiwezi kuzaa chumba mwezi Mei. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuchagua nani alale ndani na nani alale nje. Kinachoweza kupatikana kwa haraka ni chumba ambacho hakijakamilika, na hilo kamati ililikataa waziwazi. Mwezi Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka hapo Huruma, kando ya mto, wakati wa mvua kama hizi, na watu wapatao 50 wakafa. Wengine wenu mlikuwa pale mkichimbua kwa mikono. Siwezi kuweka sahihi yangu kwenye jambo la namna hiyo.

Niseme pia kwamba hakuna sheria iliyotulazimisha. Sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba inagusa nyumba za shilingi 2,500 kushuka chini, na vyumba vyetu vimepita hapo zamani. Tulifanya kwa hiari yetu, kwa sababu wale watu tunawajua. Ndio wanaotufulia, wanaotuuzia mboga, wanaobeba mawe tunapojenga. Sikubali kwamba mwenye ploti akiwa na moyo basi hajui biashara.

Haikuwa rahisi, na machozi ya wenye mikopo niliyaona. Riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 13 na benki zilitutoza juu zaidi ya hapo. Ndiyo sababu ya zile 180,000. Zilikopeshwa wanachama tisa, na 142,000 zimerudi. Mimi sikuchukua hata shilingi, ingawa nyumba yangu nayo ina mkopo na nilipokea familia nne.

Matokeo ni haya: familia 64 ziliingia, na kufikia Desemba 51 bado zipo na zinalipa. Sita zilihama kwa wema, saba ziliondoka na deni. Madeni hayo saba ndiyo yanayoimbwa kila siku. Hizo 51 hazitajwi. Kati ya hao 64 hakuna ndugu yangu hata mmoja, na barua za chifu zote ziko kwa katibu, aje azisome anayetaka.

Sasa mahudhurio na ada. Wanachama ni 112. Mkutano wa Machi mlikuja 34, wa Julai 27, na wa Oktoba hatukufikisha akidi, wazee wakarudi nyumbani na mvua. Ada ni shilingi 300 kwa mwezi, na malimbikizo ni 214,000. Nimepitia daftari: wengi wa walioupinga uamuzi wa Mei kwa sauti kubwa hawajalipa tangu mwaka 2023. Inaniuma, kwa sababu mfuko uliowaokoa wale tisa ulijazwa na akina mama wanaokuja na 300 zao kila mwezi bila kuitwa.

Kuhusu mwaka ujao, tunatumaini kupata mfuko wa dharura unaojitegemea, na kuzungumza na kaunti kuhusu mtaro mkubwa, Mungu akijalia. Hoja ya kuufanya uamuzi wa Mei kuwa kanuni ya kudumu itapigiwa kura leo. Mwenye deni la ada hatapiga kura, ila anaweza kulipa sasa hivi pale mlangoni. Mweka hazina ana kitabu cha risiti.