Filamu ya wahamiaji iwafikie walioko barabarani

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa yenu ya onyesho la filamu linalohusu maisha ya wahamiaji wasio na vibali, lililofanyika hapa jijini Mbeya. Waandaaji wanastahili pongezi, ila kwa maoni yangu filamu hiyo imewafikia watu wasioihitaji sana. Walioketi ukumbini, kwa mujibu wa taarifa yenu, wengi wao walikuwa wanafunzi wa vyuo na watumishi wa ofisi, ilhali wanaokutana na wahamiaji uso kwa uso ni madereva wa malori, wenye nyumba za kulala wageni na vijana wa bodaboda walioko kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma, mpakani na Zambia, na ile ishukayo Kyela hadi Kasumulu, mpakani na Malawi. Hao ndio wanaoombwa kuwasafirisha au kuwaficha vijana wa Ethiopia wanaoelekea Afrika Kusini, na wapo wanaokubali wakidhani ni kibarua kama vibarua vingine. Huenda hawajapata kusikia kwamba Juni 2012 Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori.

Napendekeza filamu hiyo ioneshwe jioni kwenye maegesho ya malori Tunduma, ambako foleni, kama wenyeji tujuavyo, haina haraka. Baada yake ofisa wa Uhamiaji aeleze adhabu ya kusafirisha watu kinyume cha sheria, na vilevile mwananchi afanye nini anapomkuta mhamiaji mgonjwa au aliyetelekezwa porini, kwa sababu asipoelezwa hilo, hata mwenye huruma atampita akihofia kukamatwa pamoja naye.

Msomaji wenu,
Mwanjelwa, Mbeya.