Mhariri, sio kila kinachotoka mkononi ni cha kuuzwa

Mhariri,

Salaam kwako na wenzako wote hapo chumba cha habari. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Mtwara, na leo naandika kwasababu kuna jambo limenikaa rohoni. Kila nikifungua ule ukurasa wenu wa vijana nakuta geuza kipaji chako kiwe pesa, unajua kufuma uza, unajua kuchora uza, unajua kupika keki fungua biashara. Sipingi, maisha ni magumu na wapo wanaosomesha watoto kwa mikono yao hiyohiyo. Ila naomba na sisi wengine mtuandikie, sisi tunaosuka na kufuma na kuchonga jioni ili tu kichwa kipumue.

Mi ni karani kwenye ghala la korosho. Wanaoujua msimu wanajua, mwezi wa kumi minada ikishaanza hatupumziki mpaka karibu na mwaka mpya, gunia linaingia linapimwa linaandikwa, huyu analalamika kilo zake zimepungua, yule anabisha korosho zake ni daraja la kwanza wewe umemwandikia la pili, simu inaita, bosi anataka ripoti, na vumbi la magunia limekujaa mpaka masikioni. Natoka saa moja usiku mwili umechoka lakini kichwa bado kinapima. Usiku naota kilo.

Dawa yangu ni ukili, ule mkanda mrefu wa majani ya ukindu uliosukwa, ndo unaoshonwa mikeka. Bibi yangu wa Mikindani alinifundisha nikiwa darasa la tatu, nikaacha nilivyoenda sekondari, nimekuja kuurudia ukubwani nikiwa na watoto watatu. Nikishaoga na kula nakaa barazani, ukindu wangu nimeufunika na kitambaa kibichi maana ukiwa mkavu unakatika, lazima uuloweshe kidogo ulainike, halafu nasuka. Juu chini juu chini, jani linakwenda mshazari, likifika pembeni unalikunja linarudi, likikaribia kuisha unachomekea lingine, na ukili unarefuka taratibu unajikunja miguuni. Robo saa ya kwanza bado namuwaza yule mzee aliyenigombeza mchana. Baada ya hapo sijui yanaondokaje, nakuja kushtuka mtaa wote umetulia na mabega yameshuka. Umeme ukikatika siwashi hata tochi, vidole vinajua njia.

Jumapili ndo siku ya rangi. Nina sufuria nimeitenga kwa kazi hiyo tu, maji yakichemka natia rangi ya unga nazamisha ukindu, zambarau, kijani, nyekundu, naanika, na hapo hakuna mtu wa kuniambia nianze na ipi. Kwa mtu ambaye wiki nzima anaambiwa andika hivi usiandike vile, hiyo peke yake ni kupumzika. Ukili ukifika urefu ninaoutaka naushona ukingo kwa ukingo kwa shazia, ile sindano kubwa, unakuwa mkeka, au msala wa kuswalia, au kawa la kufunikia chakula.

Sasa sikia kilichonipata. Miaka miwili iliyopita niliweka picha ya kawa langu kwenye stetas ya wasapu, nia yangu ndugu zangu waone. Watu wakaanza, uza, unapoteza muda, hiyo ni fursa. Nikaenda mpaka semina moja ya ujasiriamali, mwalimu pale akatuambia saa mbili za jioni ambazo haziingizi hela ni saa umezitupa. Nikamwamini. Basi mama mmoja wa Dar akaagiza makawa thelathini ya harusi, wiki tatu, yote rangi moja na saizi moja, nami nikakubali.

Jamani. Nikawa natoka kupima magunia nakuja kupima ukili. Nahesabu nimefikisha mangapi, bado mangapi, siku zimebaki ngapi. Watoto wakinisogelea nawafukuza wasije wakanichanganya, vidole vikachanika, nikawa nasuka huku nauchukia ule ukindu. Nusu ya pesa nililipwa na nusu mpaka leo naambiwa subiri, lakini sio pesa iliyoniuma. Kilichoniuma ni kwamba nilivyomaliza lile la thelathini nilikusanya ukindu wote nikaufunga kwenye kiroba nikautupa juu ya kabati, na sikuugusa miezi mitano. Jioni zangu zikawa simu, tamthilia na ukali. Usingizi ukapotea. Mwanangu wa kati ndo akaniuliza, mama mbona siku hizi husuki, na mimi sikuwa na jibu la kumpa.

Najua mtanijibu kwamba kusini kwetu sanaa imelisha watu. Ni kweli kabisa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa hapo jirani Tunduru, alianza mwaka 1968 kule Dar kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi na akauza, mpaka alipofariki 1972 mtindo ukabaki na jina lake. Na vinyago vya Wamakonde dunia nzima wanavijua. Lakini mtaani kwetu kuna babu mchongaji, mchana kutwa yuko na tezo na patasi anachonga mpingo wa kuuza, na mpingo sio mti wa mchezo, ni mgumu na mzito kiasi kwamba ukiutupia majini unazama. Nilimpelekea shida yangu ile miezi ambayo sikusuka. Akanichukua mpaka chumbani kwake, dirishani kuna vinyago kama kumi vimepangwa, vya ajabuajabu, kingine hakina hata uso, kimefuata tu ufa wa mti ulivyokwenda. Akasema hivi siuzi. Vya wateja najua mwisho wake kabla sijashika tezo, hivi vya jioni mti wenyewe ndo unanionyesha pa kupita. Wazungu wameshavitaka mara kadhaa akakataa.

Mtu anayeishi kwa kuchonga, na bado kajiwekea kona ambayo mteja haingii! Mi niliyekuwa na mshahara wangu tayari nilikuwa natafuta nini?

Kwahiyo mhariri ombi langu. Mkimuandika dada anayefuma vitambaa vya kroshia muulizeni na anavyojisikia akiwa anafuma, sio bei tu. Waandikeni na wababa pia, huku pwani wapo wanaosuka nyavu na madema ya kutegea samaki vizuri kuliko hata sisi tunavyosuka mikeka, lakini kijana anayefanya kazi ofisini akikaa barazani kusuka anachekwa, wakati akikaa kwenye simu mpaka saa sita usiku hakuna anayesema kitu. Kwa anayetaka kuanza, kroshia ndo rahisi zaidi naona, sindano moja na uzi, unabeba kwenye mkoba. Ukili unataka mtu wa kukaa naye, video haitoshi, vidole vyako inabidi vishikwe mwanzoni. Na hao watu wapo, mabibi wetu wa Mikindani, Sudi, Kilwa na Lindi mjini wamekaa tu barazani wanatamani mjukuu aje akae karibu yao.

Na mabosi watusaidie kidogo, zile meseji za saa tatu usiku kwenye grupu la kazi zingine zinaweza kusubiri asubuhi. Huwezi kusuka ukili mzuri huku simu inatetemeka pajani.

Mi nimerudi kusuka toka mwaka jana. Wanaotaka kuagiza nawaelekeza kwa mama mmoja sokoni anayefanya ndo kazi yake na anashona vizuri kunishinda. Sahivi nashona msala wa bibi, nataka aupate kabla ya Ramadhani, umebaki ukili kama pima mbili hivi. Ile zambarau imetoka nzito kuliko nilivyotaka. Nimeiangalia jana usiku nikaona niiache hivyohivyo.

Karani wa ghala,
Chikongola, Mtwara