Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: toa rekodi za usiku ule

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUSIMAMISHWA KWA KISIMA CHA MAJARIBIO CHA HAIDRATI ZA GESI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa subira imeniishia.

Mimi ni fundi katika kisima hicho cha haidrati, yaani barafu ya chini ya bahari iliyofungia gesi ya methani ndani yake. Wiki iliyopita nilikuwa zamu ya usiku pampu ilipozimwa. Mchanga ulikuwa umepenya vichujio, laini kama unga. Niliusugua kati ya vidole ukateleza kama tope. Alfajiri tukaambiwa tufungashe. Mpaka leo hakuna aliyetueleza neno, na malipo ya zamu zile sijayaona. Nyumbani wananiuliza nitarudi kazini lini. Niwajibu nini?

Sipingi gesi hii, Mheshimiwa. Nimewahi kushika bonge la haidrati lililotoka chini ya bahari. Unaona ni barafu tu, kumbe linachacharika kiganjani, na ukiliwasha linashika moto huku maji yakidondoka. Mita moja ya ujazo ya bonge hilo hutoa takriban mita za ujazo 160 za gesi. Ndiyo maana niliamini uliposimama mbele yetu ukasema miaka mitatu haitapita kabla gesi haijafika majumbani. Huu ni wa tano.

Ugumu wake unajulikana. Tunavuta maji kisimani ili presha ishuke, haidrati ivunjike, gesi ipande. Lakini haidrati hiyohiyo ndiyo iliyoushikanisha mchanga kule chini. Ikiondoka, mchanga unafuata gesi. Japani yaliwakuta mwaka 2013 katika bonde la chini ya bahari la Nankai: siku 6, kama mita za ujazo 120,000, kisha mchanga ukawakatiza. Waliporudi mwaka 2017, kisima cha kwanza kikakwama kwa mchanga tena. China mwaka 2020 ilipata mita za ujazo 861,400 kwa siku 30, kwa kisima cha mlalo, na hata hayo yalikuwa majaribio. Wenzetu walitangaza walichopata, na Japani haikuficha kwamba ni mchanga uliowasimamisha. Sisi tunafichwa kwa nini?

Nahisi presha ilishushwa haraka mno ili wageni wako wauone mwali wa gesi siku ya ziara. Nilimsikia msimamizi akihimizwa kwa simu, sauti ikitetemeka. Huenda nimekosea. Kama nimekosea, rekodi zitanisuta, nami nitaomba radhi hadharani.

Wavuvi nao wananisimamisha kuuliza kama sakafu ya bahari imetitia, kama kuna gesi inayovuja. Wana haki ya kuuliza. Methani ikitoroka, kwa kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya uzito uleule wa kaboni dioksaidi. Vipimo vya sakafu vilichukuliwa, niliwaona waliovichukua. Viko wapi?

Nilikusudia kukuomba mengi: malipo yetu, wakaguzi wasio wa wizara, jaribio jingine lisianze kabla vichujio havijabadilishwa. Malipo nitayadai kwingine. Kwako naomba rekodi za presha za usiku ule, saa kwa saa, zitolewe jinsi zilivyo. Zitoe, Mheshimiwa. Mafundi tutazisoma wenyewe.

Wako mtiifu,
Fundi wa zamu ya usiku