Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mgonjwa aulizwe akiwa kwake, si mlangoni mwa hospitali

Mheshimiwa Waziri,

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wizara yako, katika utafiti wa maoni ya wagonjwa inaouandaa, inataka kumuuliza, na si uji tu: foleni aliyokaa, lugha aliyojibiwa, dawa alizopewa na zile alizoambiwa akanunue nje. Tunaunga mkono. Sisi tunaokuandikia tunasimamia wadodosaji, tunatayarisha madodoso na kuchambua data za tafiti za afya, na tuna ombi moja kabla matangazo ya "shiriki, sauti yako ina thamani" hayajaanza kurushwa redioni. Nusu ya nguvu mnayotaka kuitumia kuwahimiza wananchi washiriki, ipelekeni kwenye namna watakavyoulizwa. Watu hawakatai kusema. Wananyamaza, au wanasema la kumfurahisha muulizaji, kwa sababu ya mahali walipoulizwa na mtu aliyewauliza.

Njia rahisi, na ndiyo itakayopendekezwa kwanza kwa kuwa ni nafuu, ni kumsimamisha mgonjwa anapotoka dirisha la dawa na kumhoji palepale. Kweli, kumbukumbu yake bado mbichi. Lakini mtu huyo bado ameshika kadi yake ya kliniki, ndani imeandikwa tarehe ya kurudi, na muuguzi aliyemfokea asubuhi anapita nyuma yake na trei. Ukimuuliza huduma ilikuwaje atasema "nzuri tu". Mdodosaji akiwa amevaa koti jeupe, au amepewa kiti na mkuu wa kituo, ndiyo kabisa. Matokeo yake ni jedwali ambalo karibu kila mtu ameridhika karibu kila mahali, na jedwali la namna hiyo halikuonyeshi kituo kipi kinahitaji msaada.

Mlangoni pia hukutani na wale muhimu zaidi. Aliyefika saa mbili asubuhi, akakaa hadi saa nane, akaondoka bila kumwona daktari, hapiti dirisha la dawa. Aliyerudishwa kwa kukosa hela ya vipimo mara nyingi hayumo hata kwenye rejista. Kwa hiyo sampuli inayochotwa kwenye rejista za hospitali humsikiliza aliyehudumiwa na kumwacha aliyenyimwa, kisha ripoti ikaja kusema huduma inafika. Dawa ya tatizo hili ni kuwatafuta watu kwenye kaya zao: chagueni maeneo ya kuhesabia watu, orodhesheni kaya zote za eneo, chagueni kaya kwa bahati nasibu, kisha muulize nani aliugua au alihitaji huduma, awe aliipata au hakuipata. Swali la "ulihitaji ukaenda?" litangulie "ulipokwenda".

Kama bajeti inawalazimisha kutumia orodha za waliolazwa, basi wapigiwe au wafuatwe wakiwa wamesharudi nyumbani. Utafiti wa Marekani wa waliolazwa, ujulikanao kwa kifupi HCAHPS, huwafikia watu kati ya saa 48 na siku 42 baada ya kuruhusiwa. Mapema mno mtu bado ana maumivu na shukrani. Baada ya hapo anaanza kuchanganya wodi hii na ile. Kwa wagonjwa wa nje, tafiti nyingi za kaya huuliza kuhusu wiki nne zilizopita, na kwa kulazwa miezi 12. Msivuke hapo. Mtu anaweza kukumbuka mwaka mzima kwamba alifanyiwa upasuaji, ila hawezi kukumbuka miezi minane baadaye kama alielezwa dalili za hatari za kuangalia akifika nyumbani.

Sasa maswali yenyewe, na hapa ndipo madodoso mengi yanapoharibikia.

"Umeridhika kwa kiasi gani na huduma?" ni swali linalopima matarajio. Aliyezoea kukaa sakafuni ataridhika na benchi. Ulizeni kilichotokea: "Ulipopewa dawa mpya, kuna mtu aliyekueleza dawa hiyo ni ya nini?" "Ulipoita muuguzi, ulisaidiwa kwa wakati uliohitaji: kila mara, mara nyingi, mara chache, au hata mara moja hukusaidiwa?" Jibu la swali la namna hii mkuu wa wodi anaweza kulifanyia kazi Jumatatu asubuhi. "Asilimia 71 wameridhika" atalifanyia nini?

Kila swali libebe jambo moja. "Je, daktari alikueleza vizuri na kukutendea kwa heshima?" ni maswali mawili, na aliyeelezwa vizuri huku akidharauliwa hana pa kuweka alama. Epukeni maswali ya kukanusha: ukimuuliza mtu "hukuombwa malipo ya pembeni?" akajibu "ndiyo", hakuna mchambuzi duniani atakayejua alimaanisha nini. Epukeni pia sentensi za kukubali au kukataa, maana mhojiwa aliyechoka, au anayemheshimu sana mgeni, hukubali zote mfululizo. Muda wa kusubiri msiuulize kwa dakika. Ugaweni sehemu tatu, yaani mapokezi hadi kumwona mtabibu, vipimo hadi majibu, na dirisha la dawa, kila moja ikiwa na madaraja kama chini ya nusu saa, nusu saa hadi saa moja, na kuendelea. Saa nne za kusubiri zilizojumlishwa pamoja hazisemi tatizo liko maabara au mapokezi. Swali la jumla la kutoa alama kutoka 0 hadi 10 liwekwe mwisho. Likiwa mwanzo, mhojiwa huyavuta majibu mengine yote yafanane na alama aliyokwisha kuitoa.

Na dodoso liwe fupi. Dakika 20, ikizidi sana 25. Tunajua kinachotokea: rasimu ikizunguka idara zote, kila idara huongeza maswali yake manne, na mwisho mdodosaji anatumwa kijijini na saa nzima ya maswali. Kuanzia nusu saa mhojiwa anajibu ili amalize. Hapo ni saini yako tu, Mheshimiwa, inayoweza kuzuia.

Ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu wa kuhojiwa, utaelezwa kwako kwa mkanganyiko, kwa hiyo hesabu ni hii. Ili asilimia yoyote iwe na kosa lisilozidi pointi 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, wanahitajika watu 384 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kamili. Kwa kuwa mtachagua maeneo kwanza na watu wa eneo moja hufanana, zidisha kwa 2 hivi: 768. Ukitarajia mmoja kati ya watano asipatikane au akatae, unaanza na 960. Hiyo ni kwa kila mkoa unaotaka uwe na takwimu yake. Mikoa 20 ni watu 19,200. Ukitaka picha ya taifa tu, elfu moja na kitu hadi elfu mbili zinatosha. Kinachoharibu ni kuahidi takwimu za kila wilaya kwa bajeti ya taifa. Tena wingi wa majibu hauponyi sampuli iliyopinda: mwaka 1936 jarida moja la Marekani lilituma kadi zipatazo milioni 10 za kuuliza nani atachaguliwa rais, zikarudi zaidi ya milioni 2, likamtabiria ushindi mgombea Landon. Mpinzani wake, Roosevelt, alishinda majimbo 46 kati ya 48. Kiungo cha dodoso kinachosambazwa mitandaoni "kwa kila mwananchi" ni kosa lilelile katika vazi jipya, na aliyelala wodini bila bando hamtampata.

Kazini nje kuna mambo mawili yanayofanyika kimyakimya. Kwanza, kaya iliyochaguliwa ikikutwa imefungwa, timu inahamia kwa jirani aliyepo. Aliyepo nyumbani saa nne asubuhi ni mzee, mgonjwa, au asiye na kazi, na sampuli inapinda bila mtu kujua. Kanuni iwe ziara tatu, kwa siku na saa tofauti, moja angalau jioni au mwisho wa wiki, na asipatikane basi aandikwe hakupatikana. Pili, mdodosaji akilipwa kwa idadi ya madodoso, baadhi yatajazwa chini ya mti. Mlipeni kwa siku. Msimamizi arudie kuwapigia au kuwatembelea angalau asilimia 10 ya wahojiwa na kuwauliza maswali matano tu, na kishikwambi kirekodi muda wa kuanza na kumaliza: usaili wa dakika 20 uliokwisha kwa dakika sita una maelezo yake.

Mdodosaji asikubali kumhoji mtu mbele ya familia nzima. Binti wa miaka 19 hatasema jinsi alivyotendewa kliniki ya uzazi huku mama mkwe amekaa pembeni akichambua mboga. Na dodoso hili halihitaji kujua ugonjwa. Likiuliza ugonjwa, limepoteza watu. Mzazi anaweza kumjibia mtoto, ila fomu ionyeshe nani kajibu. Maumivu na heshima ya mtu mzima hayajibiwi na mwingine.

Ridhaa nayo isiwe kurasa tatu zinazosomwa mbio. Dakika moja inatosha kumwambia mtu: nani anafanya utafiti, kwa nini umechaguliwa, itachukua muda gani, unaweza kuruka swali au kuacha, na kukataa kwako hakutagusa matibabu yako. Redioni tangazeni yale ambayo mdodosaji halali hataomba kamwe: pesa, namba ya siri, namba ya akaunti. Matapeli huutumia msimu wa tafiti vizuri kuliko wizara. Namba ya simu ya kuhakiki iwe ya bure, na iwe na mtu wa kuipokea.

Usiri haulindwi kwa kufuta majina peke yake. Kituo chenye mkunga mmoja na wahojiwa wanne waliojifungua mwezi huo, kila mtu anamjua aliyelalamika. Msitoe takwimu za kituo chenye majibu chini ya 30. Majibu ambayo mhojiwa ameyaeleza kwa maneno yake mwenyewe yaondolewe tarehe, namba ya kitanda na jina la mhudumu kabla hayajatoka nje ya timu ya uchambuzi. Data zikifunguliwa kwa watafiti, vipimo vya mahali, yaani alama za ramani za maeneo yaliyohojiwa, visogezwe kidogo ili watu wasitambulike. Tafiti za kimataifa za idadi ya watu na afya, kwa kifupi DHS, zimekuwa zikisogeza hadi kilomita 2 mjini na hadi 5 vijijini, na asilimia 1 ya maeneo ya vijijini hadi 10.

Tunajua kuna mawazo ya kuzifunga alama hizi na fedha za vituo. Tunaomba isiwe katika duru ya kwanza. Siku alama inapogeuka mshahara, wahudumu wataanza kumwambia mgonjwa "ukipigiwa simu, utupe kumi", na hapo mtakuwa mmerudi mlangoni mwa hospitali bila kujua.

Mwisho, fungu la majaribio ya awali lisikatwe. Ndilo hukatwa kwanza, kwa kuwa halionekani kwenye picha za uzinduzi. Watu 30 hadi 50 kwa kila lugha itakayotumika, wasomewe swali, kisha waulizwe walielewa nini kabla ya kujibu. Wiki tatu zinatosha, na zikihitaji kuahirisha uzinduzi, uahirishwe. Matokeo yakitoka, kila kituo kilichofikisha majibu 30 kibandike karatasi moja ukutani, penye macho ya wagonjwa: mambo matatu waliyosema, na lipi litarekebishwa, na nani, kufikia lini.

Wako katika kazi,

Wasimamizi wa ukusanyaji, watayarishaji wa madodoso na wachambuzi wa data za tafiti za afya