Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Stadi za Kuzungumza na Kusikiliza

Ndugu wanachama,

Semina tatu zilifanyika, kadi za picha ziligawiwa, na kamati ndogo ya hadithi za kusikiliza ilimaliza kazi yake. Hayo mnayafahamu.

Linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kamati tendaji kusitisha mashindano ya kukariri hotuba na kuelekeza fungu lake kwenye mafunzo ya mazungumzo ya wawili wawili darasani. Nimeambiwa kwamba nimeua fahari ya chama. Uamuzi ulikuwa wa kamati, lakini hoja niliiwasilisha mimi, wala siikani. Katika fainali ya mwisho, mwanafunzi wa darasa la nne alitoa hotuba yake bila kukwama, mikono ikiinuka palepale alipoelekezwa. Jaji alipomwuliza ni sehemu ipi aliyoipenda zaidi, alimtazama mwalimu wake, akanyamaza, kisha akaianza hotuba upya tangu sentensi ya kwanza. Mtoto yule hakukosea. Sisi ndio tuliomzoesha kusema pasipo kusikiliza.

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kwa kawaida sekunde 1 hivi, na kwamba akivumilia hadi sekunde 3 majibu ya watoto hurefuka na wanyamavu nao huanza kuchangia. Nilijipima darasani mwangu kwa saa ya ukutani, nikaona kwamba sifikishi hata sekunde 2. Tena, katika darasa la watoto 40, mmoja akijibu, 39 wamekaa kimya. Wakiwa wawili wawili, 20 huzungumza kwa wakati mmoja, na kila msikilizaji huwajibika kueleza wazo la jirani yake kwa kuanza na maneno “Mwenzangu anasema”, kabla ya kutoa lake. Waliolalamikia kelele nawaomba wasogee karibu na dawati lolote wasikie yanayosemwa.

Inanisikitisha kwamba wengi wa wanaoyalaumu mafunzo haya hawakuyahudhuria. Kati ya wanachama 64, semina ya kwanza ilikuwa na 31, ya pili 22, ya tatu 17, na waliolipa ada ni 38 tu. Mwongozo wa mafunzo niliuandika mwenyewe usiku, baada ya kusahihisha madaftari, kwa kuwa hapakuwa na fedha za kumlipa mwandishi; nalisema hili ili ijulikane kwamba fungu la mashindano halikutumika ovyo.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kutafuta njia nzuri zaidi ya kupima usikilizaji, ambao bado tunaupima kwa imla peke yake, na pengine kuwashirikisha wazazi.

Mweka hazina anaendelea kupokea ada hadi siku ya mkutano mkuu. Suala la mashindano limo katika ajenda, na mwanachama yeyote anayetaka lifunguliwe upya atapewa nafasi ya kusikilizwa hadi mwisho.

Mwenyekiti