Cranberries siyo Zombie tu, ile albamu yao ya mwisho mmeisikiliza?

Ndugu mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi mambo vipi.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga, nina kibanda changu cha kurusha nyimbo kwenye fleshi na memori kadi, kazi ambayo wengi wanadhani imeshakufa ila madereva wa daladala bado wananiweka mjini. Sasa wiki haiishi bila mtu kuja na kuniambia "kaka niwekee na ile ya zombi zombi", namuwekea, analipa, anasepa. Redio nazo vilevile, usiku wakiamua kupiga rock ya zamani basi ni hiyo hiyo, utadhani The Cranberries, ile bendi ya rock ya Limerick kule Ireland yenye wimbo huo wa Zombie, walitoa wimbo mmoja wakaenda kulala. Na wengi wanaobweka kwenye kiitikio hawajui kua ule ni wimbo wa msiba, mwimbaji wao Dolores O'Riordan aliuandika baada ya lile bomu la Warrington, Uingereza, Machi 1993, lililoua watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine 12. Haya tuyaache, siyo yaliyonileta.

Kilichonileta ni In the End, albamu ya mwisho ya The Cranberries, ilitoka Aprili 2019 na huku kwetu ikapita kimyakimya kabisa. Wachache walioisikia, tukikaa pale kwenye benchi la kibandani, neno lao ni moja: nyimbo za marehemu hizo, jamaa wanakula hela ya maiti. Na mimi nisiwe muongo, mwanzo nilikua upande huo huo, maana tumeshaona mtu anafariki leo na kesho vipande alivyovitupa mwenyewe vinaokotwa, vinapigwa biti juu, vinauzwa.

Ila hii siyo ya kuokoteza. 2017 walikua kwenye ziara, mgongo ukamsumbua Dolores ziara ikakatishwa, basi yeye na mpiga gitaa Noel Hogan wakaanza kuandika nyimbo mpya, huyu anatuma gitaa, yule anaimba juu yake anarudisha, hadi baridi ya mwaka huo inaingia wana nyimbo 11. Tarehe 15 Januari 2018 Dolores akafariki hotelini London, ana miaka 46. Noel kuja kufungua mafaili yake akakuta sauti zipo na zinatosha. Hawakukimbilia studio, walikwenda kwanza kwa familia yake kuomba ruhusa, familia ikasema malizeni. Ndo wakamrudia Stephen Street, yule yule produza aliyewatengenezea albamu mbili za kwanza, yaani mkunga aliyempokea mtoto ndo huyo huyo akaitwa kuosha maiti. Kwetu tungesema walikua wanaanua tanga.

Alafu sasa sikiliza yenyewe. Zile sauti alikua kaziimba kama za majaribio tu, angekuja kuzirudia vizuri studio, kwahiyo humo ndani haigizi ukubwa, hana zile mbwembwe za jukwaani. Kuna wimbo unaitwa Lost, anaanza chinichini kama mtu anayeongea peke yake jikoni, alafu anapanda, anapanda, na ile sauti yake ya kukatikia kooni inatokea pale ambapo hukuitegemea, mimi mara ya kwanza niliacha fleshi ya mteja inaning'inia kwenye kompyuta nikakaa tu. Kwenye viitikio wakamleta Johanna Cranitch ambaye alishazunguka nao kwenye ziara, na kakaa nyuma kwa adabu, hajaribu kua Dolores. Nyimbo zote zina uzito sawa? Hapana, kuna mbili tatu za katikati zinapita tu kama daladala tupu, na sioni kwanini tujifanye hatujaliona hilo kisa mwimbaji katangulia.

Kitu kimoja kinanikera kwa mashabiki wenzangu, hii tabia ya kusema alitabiri kifo chake. Ati angalia majina, All Over Now, Wake Me When It's Over, In the End, ati wimbo wa kwanza unataja hoteli London. Jamani. Huyu alikua mwanamke aliyetoka kwenye ndoa iliyovunjika, anaandika kuhusu mambo kuisha kwasababu kweli yalikua yameisha na yeye alikua anataka kuanza upya, na nyimbo alikua anaziandika ili aende kuziimba mbele za watu. Mtu anayejiaga hapangi albamu. Tukimfanya mtabiri tunamnyang'anya kazi yake, inaonekana kama mauti ndo yaliyoandika.

Na baada ya hapo Noel na mdogo wake Mike na mpiga ngoma Fergal Lawler wakafunga jina. Hakuna kutafuta binti mwenye sauti ya kufanana naye, hakuna kuzunguka dunia na picha yake. Cha kushangaza ndo albamu hiyo iliyowapa uteuzi wao wa kwanza wa Grammy, baada ya miaka karibu 30 ya kazi, wakaukosa, sawa tu.

Sasa mhariri, juzi dereva mmoja wa Pongwe kaleta fleshi yake, nikamuwekea taarabu zake na singeli zake na Zombie kama kawaida, na mwisho kabisa nikachomeka Lost bila kumwambia. Siku ya tatu karudi, ananiuliza yule dada anayelia pale mwisho ni nani. Nikamwambia ni huyo huyo wa zombi. Akanibishia hadi abiria wakaanza kumpigia honi kwa midomo. Nikamuwekea zote 11, hela yake nikamrudishia.

Ni mimi msomaji wenu,
Mrusha nyimbo, Tanga