Simu ni yangu, kitufe cha "hapana" kiko wapi?

Mhariri,

Mwangaluka kwa wote hapo chumba cha habari. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kuna ushauri mmoja kila mtu anautoa, redioni wanautoa, magazetini upo, eti ukiona apdeti ya mfumo wa simu imekuja we pakua tu usiulize maswali. Mi naupinga huo ushauri, sio wote ila nusu yake, na nataka niseme ni nusu ipi.

Mi ni wakala wa pesa za simu hapa Kirumba, jirani na mwaloni, pale penye soko la samaki na dagaa. Wateja wangu wengi ni watu wa dagaa. Simu zao ni hizi za kawaida tu, GB 32 alafu nusu ya hizo imeliwa na mfumo wenyewe kabla hujaweka hata picha moja, iliyobaki ni voisi za WhatsApp na video za vikundi vya vikoba. Sasa simu kama hiyo unailetea apdeti ya GB mbili na zaidi, ikishapakuliwa inataka na nafasi nyingine ya kujifungulia, mtu anaanza kufuta picha za harusi ya mwanae ili kampuni ibadilishe umbo la vitufe. Na bando je? Huyo anayesema "pakua tu" ana waifai ya ofisini, huyu wa mwaloni anajiunga bando la siku.

Lakini bando sio kubwa sana ukilinganisha na hili la saa. Waliotengeneza hizi simu wamezipanga zijisakinishe usiku wa manane, kwa hesabu kwamba mwenye simu kalala na simu ipo kwenye chaji. Hesabu nzuri kwa mtu wa ofisini. Ila Ziwa Victoria dagaa wanavuliwa usiku, kwa taa, na wanavuliwa hasa kipindi cha giza, mbalamwezi ikiwa kubwa watu wanapumzika. Kwaio saa nane au saa tisa za usiku ambayo kwao huko ni saa ya kulala, huku mtumbwi uko majini, tajiri mwenye mtumbwi yuko nchi kavu anasubiri kupigiwa ajue mzigo ni beseni ngapi atafute gari, mnunuzi yuko macho anataka kutuma advansi, na alfajiri biashara ishachanganya. Simu ya mtu kama huyo imechomekwa kwenye chaji kibandani maana ndo imetulia kidogo, nayo ikaona hewaa, mwenyewe kalala, ikajizima ikaanza kuhesabu asilimia. Nimeona mama mmoja anaigongagonga ile simu kama redio mbovu huku dereva wa kirikuu anamwambia mama mi naondoka. Ilipowaka ikamwambia "karibu" na inamuonesha mandhari mpya ya skrini. Mandhari mpya!

Na ukitazama vizuri lile swali lenyewe linavyoulizwa utagundua sio swali. Linakupa "sakinisha sasa", au "usiku huu", au "nikumbushe baadae". Hapana haimo. Yaani unachochagua ni saa ya kukubali. Kwenye iPhone ndo wajanja zaidi, ukibonyeza baadae inaweza kukuletea sehemu ya kuweka namba ya siri, na mtu kwa mazoea ya kuweka namba ya siri kila saa anaweka, kumbe ndo kashatoa ruhusa ijisakinishe akilala.

Kwa wale watakaosoma hapa wakitaka kuizuia, inawezekana kwa kiasi. Kwenye Android nyingi ingia setingi, tafuta sehemu ya apdeti ya mfumo, zima ile ya kupakua yenyewe ikipata waifai. Alafu kuna nyingine imefichwa, unaenda "Kuhusu simu", unagonga mara saba pale penye namba ya muundo (kwenye simu nyingine imekaa ndani zaidi, penye taarifa za programu), inafunguka menyu ya watengeneza programu, humo ndani kuna swichi ya apdeti za mfumo za kujiendesha, izime utoke, usiguse kingine humo maana sio mahali pa kutembea. Swichi hiyo inazuia simu isijiwekee apdeti pale unapoizima na kuiwasha. Sio kila simu inayo. Kwenye iPhone unaenda General, Software Update, unazima za kujiendesha zote, na kama ilishapakuliwa ipo tayari unaenda kwenye orodha ya vitu vilivyojaza nafasi unaifuta kama unavyofuta aplikesheni nyingine.

Na wale mnaotumia vile virauta vidogo vya laini, sikilizeni hapa. Simu ikishika hicho kirauta inaona ni waifai, haijui kama humo ndani ni bando la mtu, inapakua kwa raha zake mpaka GB zinaisha. Ingia kwenye jina la huo mtandao uiambie simu kwamba huu una kipimo, yaani data yake ni ya kuhesabu, itatulia. iPhone nayo inacho kitu hicho, wanaita Low Data Mode.

Sasa nusu ninayoikubali. Kuna apdeti za usalama, hizi ni viraka, mara nyingi ni ndogo, na hizi nasema wazi wekeni. Mwaka 2015 liligundulika tundu kwenye Android likaitwa Stagefright, mtu alikuwa anaweza kukutumia meseji yenye video tu akapata njia ya kuingia kwenye simu, na ni baada ya pale Google wakaanza kutoa viraka kila mwezi. Simu yenye pesa ndani huwezi kuiacha na matundu. (Ingawa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hakuna apdeti itakayowazuia, hao dawa yao ni kuwanyamazia.) Na ukikaa na mfumo wa kale sana utaachwa, WhatsApp toka Januari 2025 haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Kwaio sisemi tugome moja kwa moja. Nasema kiraka na nyumba mpya, yaani mfumo mzima uliobadilishwa, ni vitu viwili tofauti, na wao wanavileta kwenye kifurushi kimoja ili ukitaka kiraka ubebe na nyumba.

Na ukishabeba hurudi. Hapo ndo pananiuma. Mafundi wetu wa mjini wanajua kuflashi simu, yaani kuiwekea mfumo upya, ila kurudisha toleo la nyuma simu nyingi za siku hizi zimefungwa zisikubali, na hata ikikubali vitu vyako vinafutika vyote. Apple wao toleo jipya likitoka, baada ya muda mfupi wanaacha kulithibitisha la zamani, na simu hailipokei bila uthibitisho wao, basi, njia imefungwa.

Wapo watakaosema huyu wakala analalamika tu, dunia nzima ndo hivo. Sio kweli kwamba dunia nzima imenyamaza. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5. Kosa lilikuwa hili hili, kuwasukuma wateja waweke apdeti kwenye simu ambazo haziwezi kuibeba vizuri, iPhone 6 kwa Apple na Galaxy Note 4 kwa Samsung, bila kuwaeleza madhara yake na bila kuwapa njia ya maana ya kurudisha simu ilivyokuwa. Na Januari 2025 Google walisambaza apdeti ya kujiweka yenyewe kwenye Pixel 4a ikapunguza uwezo wa betri kwa baadhi ya hizo simu, ila angalau waliwapa wenye simu kuchagua wabadilishiwe betri bure au wapewe dola 50. Hapa kwetu simu ikiharibika kwa apdeti unapewa pole na fundi, alafu unamlipa.

Sisi nasi tunayo Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa Sheria ya Ushindani ya 2003 na kumlinda mlaji ni kazi yake mojawapo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nao wapo. Ninachoomba ni kwamba simu inayouzwa Tanzania iwe na kitufe cha hapana kabisa, kinachobaki hapana mpaka mwenyewe abadilishe. Viraka vya usalama vitolewe peke yake. Na ule ujumbe useme kwa Kiswahili kinachoeleweka apdeti itakula MB ngapi, itachukua nafasi kiasi gani, na simu itazima kwa muda gani, sio "tumeboresha uthabiti na utendaji", hayo maneno hata sijui anaambiwa nani.

Na wewe mhariri nina ombi. Mnapoandika habari ya simu mpya mnaandika kamera ina megapikseli ngapi. Andikeni na apdeti zake zitakuja kwa miaka mingapi na kama zinaweza kuzimwa, watu wanauliza hayo hapa kibandani kila siku na mi sio duka la simu. FCC wakisoma hii nitashukuru wakijibu hapa hapa gazetini, hata kama jibu ni kwamba hawawezi, tujue.

Wakala wa pesa, Kirumba, Mwanza